Nyayo Kwenye Ukoka wa Kiriba

Gaudensia alizaliwa Nyamuswa, kwenye boma la ng'ombe thelathini na kitu, na kabla hajajua kusoma kitabu alishajua kusoma kwato. Angekuambia huyu ni dume, huyu ni mtamba mwenye mimba, huyu anachechemea mguu wa nyuma. Watu wa kwao walimwona kituko alipokwenda chuo kusomea mimea na wanyama, kisha akaajiriwa mjini Musoma na kampuni ndogo inayokagua mazingira ya viwanja kabla nyumba hazijajengwa, na kuchora bustani zikishajengwa. Baba yake aliwaeleza majirani kwamba binti analipwa kwa kuhesabu miti. Walicheka mpaka wakajishika mbavu, na yeye mwenyewe akacheka nao.

Mradi uliomtoa jasho ulikuwa Kiriba, nyumba kumi na nane kwenye mteremko unaotazama ziwa. Kabla ya ujenzi ilibidi ijulikane kama viboko hupanda pale kutoka majini. Kiboko hula majani nchi kavu gizani na kurudi ziwani kunapopambazuka, na mtu atakayejikuta amesimama kati yake na maji hapati nafasi ya kujieleza. Namna ya kumchunguza si ngumu. Unamwaga mchanga laini kwenye vijia, unausawazisha kwa ubao alasiri, asubuhi unarudi kuona nani kapita. Gaudensia alifanya hivyo sehemu tano kwa siku kumi, Julai ya mwaka juzi. Lakini alikuwa akilala Musoma, na gari la kwanza lilimfikisha Kiriba saa tatu. Kila asubuhi alikuta mchanga umejaa kwato za ng'ombe, akafurahi kama mtu aliyekutana na ndugu zake ugenini. Akaandika kwenye ripoti: nyayo za ng'ombe tu, hakuna dalili ya kiboko. Akatia sahihi yake, na bosi wake, Baltazar, akatia ya kwake chini yake.

Kisha akachora bustani, na hapo hakuna wa kumnyang'anya sifa. Chini ya nyumba alipanda uwanja mpana wa ukoka, ukamwagiliwa kiangazi chote ukabaki kijani wakati Kiriba nzima imekauka. Kutoka kwenye nyumba kwenda ziwani alitengeneza kijia kilichonyooka, na kila upande wake akapanda ua wa michongoma uliofika kifuani kwa mtu mzima, mnene, wenye miiba ambayo hata mbuzi aliiheshimu. Walinzi walimpa jina la Mama Maua. Mwezi wa kwanza mwaka huu familia sita zikahamia, zote watu wa Bunda na Musoma mjini, wasiojua tabia za wanyama wa ziwani.

Jumanne moja ya mwezi wa nane alikuwa Kiriba tangu jana yake. Kwa mara ya kwanza alikuwa amelala palepale, kwenye stoo ya vifaa, ili apande miche kabla jua halijachachamaa. Saa kumi na mbili kasoro akatoka na jembe lake. Ukoka ulikuwa umelowa. Katikati yake palikuwa na sehemu iliyoliwa ikabaki kama kichwa kilichonyolewa vibaya, na pembeni, kwenye udongo laini, palikuwa na nyayo. Kila moja ilikuwa pana kama sahani ya wali, na ilikuwa na vidole vinne.

 Alifuata zile nyayo kwa macho. Zilitoka kwenye ukoka, zikaingia kwenye kijia chake cha michongoma, zikashuka ziwani. Maji yaliyojaa ndani ya nyayo yalikuwa bado yametibuka. Kiboko mwenyewe alikuwa hajaenda mbali.

"Huyo anapitaga kila siku, madam," alisema Kasmiri, mlinzi, mzaliwa wa Kiriba, aliyekuja nyuma yake akiwa amejifunika blanketi. "Tangu zamani tu. Alikuwaga anapita anaenda zake huko juu. Sasa umempandia majani matamu, haendi tena mbali."

"Na hujawaambia watu?"

"Mwenye mradi alisema nikiwatisha wateja, kazi sina." Akamtazama bila hasira yoyote. "Nikajua wewe unajua. Si ndiyo ulikujaga kupima?"

Kabla hajajibu, ng'ombe wa kijijini walianza kushuka kwenda kunywa maji, wakipita kando ya ukoka kwenye udongo uleule. Hazikufika hata dakika kumi. Walipomaliza kupita, ile sahani ya vidole vinne haikuwepo tena. Zilikuwepo kwato tupu, nzuri, zinazosomeka, kama zile alizozikuta kila saa tatu kwa siku kumi.  Binti wa wafugaji, tena msomi, alikuwa amedanganywa na ng'ombe.

Wayo mmoja ulikuwa umesalia, karibu na mdomo wa kijia. Na hapo ndipo alipotokea Wankyo, mke wa mwalimu wa nyumba ya tatu, beseni kichwani, mtoto mgongoni. Wankyo alikuwa akifanya biashara ya samaki. Kila alfajiri alishuka mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, kununua sato, akapeleka samaki hao barabarani kuwapandisha gari la Bunda.

"Umeamka mapema, dada," Wankyo alisema. "Bustani yako inapendeza, yaani mimi nikipitaga hapa najionaga niko Ulaya."

Gaudensia akasogea hatua moja, akaweka buti lake juu ya ule wayo. Akacheka. Akasema asante. Wankyo akaingia kwenye kijia, na michongoma ikamfunika mpaka likabaki beseni tu, likienda lenyewe kuelekea ziwani. Gaudensia alisimama palepale akisikiliza. Hapakutokea kitu. Baada ya nusu saa Wankyo alirudi na samaki wake, akampungia mkono.

Siku hiyohiyo alirudi Musoma. Jumatano akamweleza Baltazar kila kitu, isipokuwa habari ya buti.

"Ripoti imeshapokelewa, nyumba zimeshauzwa," Baltazar alisema, akifunga mlango wa ofisi. "Ukisema leo ulikosea, leseni yako inakwenda na yangu inakwenda. Na ile kazi mpya ya Butiama tunayoisubiri tuisahau. Tulia. Mwezi ujao tutapendekeza uzio upande wa ziwa, bila kutaja kiboko. Umenielewa, Gaudensia?"

"Nimekuelewa, bosi."

Alielewa, na alichukia jinsi alivyoelewa haraka. Kusema ukweli alifarijika, kwa kuwa mtu mwingine alikuwa amemwambia anyamaze. Faraja hiyo haikuvuka chakula cha jioni. Hakupata hata lepe la usingizi. Kila alipofumba macho aliona kile kijia, miiba kushoto, miiba kulia, na jinsi alivyojisifu kwenye mchoro kwamba hakuna mnyama wala mtu atakayeweza kupenya. Alhamisi saa kumi na mbili kasoro alikuwa ameketi kitandani na simu mkononi, akihesabu: sasa anafunga mtoto, sasa anatoka, sasa ameingia. Namba ya Wankyo hakuwa nayo. Ya Kasmiri alikuwa nayo. Hakuipiga.

Ijumaa namba hiyo ilimpigia yenyewe, saa kumi na mbili na robo.

"Madam, huyu mnyama leo kabaki ndani ya kijia," Kasmiri alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba kiboko angemsikia. "Kachelewa, kumempambazukia humo. Amesimama katikati, anakoroma, hasogei, mimi nimepanda juu ya tangi."

"Mama mtoto! Wankyo yuko wapi?"

"Hajatoka. Mtoto kaamka na homa, ndiyo maana. Ingekuwa jana..." Hakumalizia.

Gaudensia hakukumbuka alivyovaa viatu. Hakusubiri gari. Alichukua bodaboda kutoka Musoma mpaka Kiriba, vumbi likimwingia mdomoni kwa sababu alikuwa akiomba kwa sauti, na dereva akadhani anamsemesha. Alipofika kiboko alikuwa ameshashuka majini, na ng'ombe walikuwa wameshapita. Mtu angefika saa hiyo asingeona kitu.

Alikwenda moja kwa moja nyumba ya tatu. Wankyo alikuwa ameketi barazani, mtoto mapajani, akimpangusa paji la uso kwa kitambaa kilicholowa.

"Karibu dada. Mbona umejaa vumbi hivyo?"

Gaudensia hakuketi. Alisema akiwa amesimama, na alisema vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma: kiboko, mchanga, saa tatu, ng'ombe, kile kijia. Kwamba yeye ndiye aliyeandika hakuna. Kwamba asitie tena mguu pale, leo wala kesho, hata kama jua limewaka. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

 Kitambaa kilisimama juu ya paji la mtoto.

"Umejua lini?"

Kulikuwa na jibu jepesi. Angeweza kusema leo, Kasmiri kanipigia, nimekuja mbio, na vumbi la safari lilikuwa bado usoni kumshuhudia.

"Jumanne," alisema. "Ulivyopita. Nilikuwa nimesimama juu ya wayo wake."

"Jumanne." Wankyo akaanza kuhesabu kwa vidole vya mkono ule uliokuwa umemshika mtoto. "Jumanne nilipita. Jumatano nikapita, tena nikachelewa kurudi. Jana nikapita, huyu akiwa mgongoni kalala." Akatazama vidole vitatu alivyovikunja, kisha akamtazama Gaudensia, na sauti yake ilipotoka haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayeogopa. "Ungekuja kunizika, dada? Ungekaa na wenzangu ulie?"

 Gaudensia alijua kwamba angekwenda. Angevaa kanga, angekaa chini na wanawake, angelia kweli, na asingesema.

Wankyo akanyanyuka, akamfunga mtoto mgongoni, akakaza kanga mara mbili. "Kuna nyumba tano zingine. Twende wote. Utawaambia kama ulivyoniambia mimi, na ya Jumanne uwaambie, usiiruke."

Walikwenda, mmoja mbele mwingine nyuma. Kwenye mlango wa kwanza alitoka mzee mmoja aliyekuwa bado na mswaki mdomoni, akawakaribisha kwa mkono.  Gaudensia akamwamkia, akaanza na Jumanne.