Kijiti cha Alama Nane

Mjomba wangu ni fundi wa pampu za maji. Karakana yake iko nyuma ya soko, chumba kimoja cha mabati chenye meza ya mbao iliyojaa grisi, na vipuri vimepangwa kwenye trei kuukuu za mikate, kila trei na ugonjwa wake: hapa vya pampu zinazovuja, hapa vya zisizovuta, hapa vya zile ambazo wenyewe wamezitupa na yeye anakataa kuzitupa. Ukimletea pampu hakuulizi ina shida gani. Anaiinua, anaitikisa karibu na sikio, halafu anakwambia. Mara nyingi anapatia, na hilo ndilo lililomharibu. Mtu akizoea kupatia, hujisahau.

Mimi ni mtoto wa dada yake. Nilirithi jina la bibi, mama yake yeye, kwa hiyo tangu nikiwa mchanga mjomba ananiita mama. Ananituma maji ya kunywa, "mama, niletee kikombe," na mimi namjibu kwamba mama hatumwi. Utani wetu ulikuwa wa hivyo, na nauandika hapa kwa sababu baadaye ulikoma.

Alikuwa na pikapu ya petroli, ya zamani, ambayo geji yake ya mafuta ilikufa kabla hajainunua. Fundi mwingine angeitengeneza. Yeye alikata kijiti cha urefu wa mkono, akampelekea bibi, na siku hiyo wawili hao wakakaa uani na tangi tupu. Mjomba alimimina lita tano, akachovya kijiti, bibi akakata alama kwa kisu cha jikoni mahali palipolowa. Lita tano nyingine, alama nyingine. Zikafika nane. Tangu hapo, kabla ya safari yoyote, mjomba alifungua kifuniko, akachovya, akasoma alama za mama yake, akaondoka. Kwa miaka tisa gari halikuwahi kumzimikia njiani. Tulimcheka kwa kijiti chake, naye alitujibu kwamba geji hutengenezwa kiwandani na watu wasiomjua, ila hiki kimetengenezwa na aliyemzaa.

Bibi aliishi peke yake milimani, kilomita tisini kutoka mjini, kwenye nyumba iliyozungukwa na misunobari ya serikali. Alilima mboga. Mjomba alimfungia pampu ya petroli ya kuvuta maji kutoka korongoni, akamfundisha kuiwasha, akamfundisha pia kwamba petroli haikai karibu na jiko wala jua, na kifuniko cha dumu kifungwe na mfuko wa plastiki. Bibi alishika mafunzo hayo kama mwanafunzi anayeogopa kufeli.

Mwaka mmoja kabla ya moto bibi aliugua, na mama yangu akamtumia gari la kukodi limlete hospitali. Mjomba alikuwa kazini mbali. Aliporudi alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Alisema mama yake amebebwa kama gunia la kabichi na mtu baki, wakati mwanawe ana gari. Mama yangu alimwambia ashukuru mgonjwa amepona. Hakushukuru. Alimwendea bibi kitandani akamwapisha kwamba hatapanda tena gari la mtu, atamngoja yeye. Bibi alicheka, akaapa. Wazee wetu wana udhaifu huo, wanapenda kugombewa.

Kisha kikaja kiangazi kile ambacho mvua ilikataa kabisa. Moto ulianzia upande wa pili wa milima, ukala misunobari kwa siku nne, na Jumatatu askari wa misitu walipita nyumba hadi nyumba na lori wakiwataka watu waondoke. Bibi aliwakaribisha chai. Akawaambia waende na wengine, yeye ana mtoto mwenye gari.

Kesho yake, bibi alipompigia simu, mjomba alikuwa chini ya pikapu hiyo hiyo. Tangi lilikuwa limetoboka kwa kutu, na siku mbili kabla alikuwa amelitoa na kuanza kufunga jingine, alilolipata kwenye gari la aina nyingine lililokufa. La kwanza lilikuwa pana na fupi kama sinia. Hili lilikuwa jembamba na refu kama ndoo. Alikaza nati za mwisho, akamimina petroli aliyokuwa ameiokoa kwenye lile bovu, akaniambia nipande kama nataka kwenda. Nilikuwa likizo kutoka duka ninalofanyia kazi. Nikapanda.

Lami inaishia kilomita arobaini nje ya mji, na pale mwisho wake kuna kituo cha mafuta. Tulikuta foleni ndefu. Watu walikuwa wanashuka kutoka milimani na magodoro juu ya magari, watoto wamevaa nguo mbili mbili, na mhudumu anajaza madumu bila kuinua kichwa. Ingetuchukua kama saa moja. Nilimwambia mjomba tupange foleni. Alishuka, akachovya kijiti, akaninyooshea: kimelowa hadi juu kidogo ya alama ya pili.

"Lita kumi na ushei," alisema. "Kufika ni tano. Kurudi hapa ni tano. Foleni hii ni ya wasiojua kupima, mama."

Nikamwambia ajaze tu, mafuta hayaozi. Akanijibu kijiti hakijawahi kumdanganya, na kila dakika tunayokaa hapa mama yake anavuta moshi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi sikuwa mkuu wa mtu. Nilinyamaza. Kunyamaza kwangu nimekuhesabu mara nyingi kuliko alivyowahi kuhesabu alama zake.

Barabara ya vumbi ilikuwa tupu. Upande wa kushoto msitu ulikuwa umeshaungua, miti imesimama myeusi bila jani, na mashina mengine bado yanafuka. Upande wa kulia ulikuwa mzima na mkavu. Majivu yalidondoka kwenye kioo hadi mjomba akawasha waipa. Tulipita kambi ya wakata magogo, milango wazi, sahani za chakula zimeachwa juu ya meza. Mjomba aliongea njia nzima. Alinieleza atamweka bibi chumba cha mbele, kinachopata jua la asubuhi, na kwamba atamtafutia kipande cha ardhi nyuma ya karakana apande mchicha, maana bila jembe mkononi atazeeka. Nilimwambia ameshazeeka. Akacheka.

Tulivuka daraja la mbao. Kwenye mlima mfupi baada ya daraja gari likakohoa mara mbili, likazima.

Mjomba alijaribu kuliwasha, halikuitika. Alishuka, akafungua kifuniko, akachovya kijiti. Kikatoka kikavu. Akakichovya tena, akakigonga chini ya tangi, nikasikia mlio wa bati tupu. Alikitazama kijiti, kisha akainama akatazama tangi chini ya gari, kisha kijiti tena, na niliona uso wake ulivyobadilika alipoelewa.

"Alama ni za tangi la zamani," alisema. "Nimepima tangi lisilokuwepo."

Alama moja ambayo kwenye lile sinia ilikuwa lita tano, kwenye ndoo hii haikufika mbili. Mtu anayesikia ugonjwa wa pampu kwa kuitikisa hakukumbuka hilo. Zilibaki kilomita kumi na moja za barabara hadi kwa bibi.

Simu ilishika juu ya kilima hapo hapo. Bibi alipokea mara moja, na kwa kuwa mjomba aliiweka kwenye spika, nilisikia yote.

"Umefika wapi?"

"Darajani, mama. Petroli imeniishia."

"Darajani pale pa mbao?"

"Hapo hapo. Sasa nisikilize. Askari wakija, panda gari lao."

"Si uliniapisha?"

"Nilikosea, mama. Panda tu."

"Haya. Wewe kaa na gari lako. Usije ukaingia kwenye moshi huu."

Simu ikakatika. Tulijaribu tena hadi betri ikakaribia kuisha, haikushika. Mjomba alikaa kwenye bampa. Aliniambia amesema haya, amekubali, umemsikia amesema haya. Nikamwambia nimesikia.

Saa moja baadaye lori la misitu likateremka likiwa limejaa watu na mbuzi. Mjomba alikimbia ubavuni akiangalia nyuso moja moja. Dereva alishuka, akampa mkono. Alisema walipita kwa mama wa pampu wakakuta mlango una kufuli na kuku wamefunguliwa, wakajua mwanawe ameshamchukua. Ndivyo alivyowaambia Jumatatu, mwanangu anakuja. Mjomba aliomba mafuta, lakini lori lilikuwa la dizeli.

Mimi nilikuwa bado najaribu kufikiri bibi angekuwa wapi. Mjomba hakufikiri. Aligeuka akatazama njia ya miguu inayopanda kutoka darajani kufuata korongo, ile inayokata kilomita kumi na moja ziwe nne.

"Mafuta ya pampu," alisema, na akaanza kukimbia.

Askari wawili walitufuata na maji. Moto wenyewe haukuwa umefika kwenye korongo, ulikuwa ng'ambo, lakini moshi ulikuwa umeshuka na kutuama humo. Tulitembea tumefunga vitambaa vilivyolowa, macho yanatiririka. Mjomba alikuwa anaita. Hakuita mama, aliita jina lake, jina langu mimi, na kila alipoliita nilisikia kama ninaitwa mahali nisipoweza kwenda.

Tulimkuta karibu nusu ya njia. Alikuwa ameketi ameegemea jiwe, mtandio mdomoni, miguu ameinyoosha kama anayepumzika. Ufunguo wa nyumba ulikuwa umefungwa kwenye pindo la nguo. Moto haukumgusa. Moshi ulitosha.

Dumu halikuwa mkononi mwake. Tuliliona baadaye, hatua kama kumi kutoka pale alipoketi, mahali pasipo na nyasi, nyuma ya mwamba penye kivuli. Kifuniko kilikuwa kimefungwa na mfuko wa plastiki. Alipoona nguvu zinamwishia alilipeleka kwanza huko, mbali na joto, kama alivyofundishwa, halafu akarudi kukaa.

Mjomba alimbeba mwenyewe. Askari walitaka kusaidia, akawakatalia kwa kichwa. Mimi nilibeba dumu. Sijawahi kubeba kitu kizito kama kile, na lilikuwa la lita tano tu. Pale darajani dereva wa lori alisema kwa upole kwamba watu watabanana, mama apate nafasi. Mjomba alimshukuru. Alimlaza nyuma ya pikapu, juu ya turubai, akanitaka nikae naye nimshike kichwa. Kisha akamimina petroli ya bibi kwenye tangi taratibu, bila kudondosha tone, na gari likawaka mara ya kwanza.

Tulifika kituo cha mafuta foleni ikiwa imekwisha. Mama yangu alikuwa anatungoja hapo. Alikuwa amekuja na gari la kukodi, lile lile la mwaka wa nyuma, na dereva wake yule yule. Bibi alihamishiwa humo. Mjomba hakusema neno la mtu baki. Mhudumu alipomuuliza amwekee lita ngapi, alisema haweki, akafunga kifuniko na kuliacha gari kando ya kituo. Wiki mbili baada ya mazishi rafiki yake alilivuta kwa kamba hadi karakanani.

Sitadanganya, nilimchukia kwa muda. Nilimchukia kwa kiapo chake kile, na kwa kijiti, na kwa saa moja ya foleni. Majuto ni mjukuu, wanasema, na mjukuu ndiye mimi, niliyenyamaza kituoni. Mama yangu hakumlaumu hata mara moja, na nadhani hilo lilimuumiza zaidi. Aliendelea na pampu zake. Aliendesha baiskeli. Akaacha kuniita mama, akawa ananiita mpwa, kwa adabu, kama watu waliotambulishwa jana.

Pikapu ilikaa nyuma ya karakana, pale alipotaka bibi apande mchicha. Walikuja wanunuzi watatu, akawafukuza wote. Nilidhani ni huzuni tu, hadi siku moja nilipompelekea chakula nikamkuta amefungua kifuniko cha tangi na anachovya kijiti. Kilitoka kimelowa kama upana wa kidole. Yalikuwa yamebaki mafuta kidogo ya zile lita tano. Alikinusa, akakifuta, akafunga. Hakujua nimemwona. Nikagundua alikuwa anafanya hivyo karibu kila wiki, na chuki yangu ikaniishia hapo nikiwa nimeshika sahani.

Petroli hupungua hata isipochomwa. Yeye ni fundi, alilijua hilo kuliko mimi.

Kiangazi kilichofuata nilipita karakanani mchana. Alikuwa amesimama kando ya pikapu, kijiti mkononi, amekishika kwa ncha mbili. Kilikuwa kikavu chote, na alama za kisu cha jikoni zilionekana vizuri, zote nane. Alikuwa analia bila kujificha, mtu mzima, mafundi wake wawili wakimtazama kutoka mlangoni. Nilimfikia, nikamshika mkono. Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu darajani akaniita nilivyozoea.

"Mama," alisema. "Yamekwisha."