Baba Alivyonenepa Kwenye TV Mpya

Leo nimejifanya fundi wa TV, nikamliza bibi mzaa baba.

Nimemletea TV pana hapa Buganguzi, tukaweka video ya zamani ya ubatizo wangu. Baba yumo, miezi michache kabla Ukimwi haujamchukua.

Picha ilikuwa imevutika kwa upana. Kila mtu mnene, hata padri!

Mimi na ujuaji wangu nikashika rimoti, nikachagua 4:3, umbo la picha za TV za zamani. Picha ikakaa sawa.

Baba akakonda palepale. Koti likamning'inia mabegani.

Bibi, aliyekuwa anatabasamu muda wote, akaanza kulia.

"Omwana wange, mwanangu, mrudishe kama alivyokuwa sasa hivi. Nilikuwa namwona amepona."

Nimemrudisha.

Jamani, mkija kututembelea, rimoti msiiguse.