Nilipoitwa Sebuleni Nilikuwa Jukwaani

Nilikosea, na wa kulaumiwa ni mimi. Nimeshamlaumu aliyeandika mchezo, nimemlaumu mpiga tarumbeta, hata mama yangu nimemlaumu, na bado nikilala nalala na kosa langu. Sitaki mnionee huruma. Nisikilizeni tu.

Mimi ni fundi wa cherehani, nimezaliwa na kulelewa mtaa wa Jericho. Mwaka juzi kikundi cha maigizo cha ukumbi wetu kilikuwa kinatafuta mwanamke anayejua kuimba, wakanitoa kwenye kwaya ya kanisa. Mchezo wenyewe ulikuwa wa nyimbo, wa enzi za mkoloni. Binti wa mfalme analazimishwa na Bwana DC, yule mzungu mkuu wa wilaya, kuolewa na chifu mzee. Anatoroka, anajificha ndani ya bendi ya tarumbeta inayozunguka miji ya reli, na humo anapendana na mpiga tarumbeta. Binti wa mfalme nikawa mimi! Mimi niliyezoea kupunguza suruali za watu.

Mpiga tarumbeta nitamwita Tito. Kwenye mchezo alikuwa ananivisha pete ya waya, kisha tunaimba tukitazamana. Tulifanya mazoezi miezi mingi, na wakati wa ule wimbo, jamani, nilikuwa nasahau kama nina kwetu. Tukimaliza ananiaga kama anavyowaaga wengine na kwenda zake. Hilo niliona. Nikajiambia anaogopa macho ya watu.

Na nilikuwa na mchumba! Nitamwita Barasa. Alifanya kazi kiwanda cha biskuti, anaishi mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga, mpole, hajui kuimba hata kidogo. Tulikuwa tumeelewana, na watu wake wakapanga kusafiri kutoka magharibi mwa nchi waje kujitambulisha kwa mama.

Kwetu, watu wa mkoa wa kati, wageni wa posa hawaonji kitu hadi binti aitwe sebuleni. Mjomba anamuuliza mbele ya wote: hawa unawajua? Tule vitu walivyoleta? Akisema ndiyo, watu wanakula. Akisema hapana, wageni wanarudi na vitu vyao na maneno yanaishia hapo.

Siku ya wageni ikaangukia Jumamosi ile ile ya mchezo. Mtu mwenye akili angesema mapema. Mimi nilinyamaza, nikaona hiyo ni ishara. Niliona kabisa kwamba nimeandikiwa kutoroka kama binti wa mfalme.

Asubuhi nilimsaidia mama kumenya viazi vya mukimo, vya kupondwa pamoja na mahindi na mboga. Alikuwa na furaha, ameazima viti kwa majirani, ametoa vile vikombe vya kabatini, vya wageni tu. Nikamwambia naenda saluni kidogo. Akaniambia nisikawie, maana bila mimi hakuna atakayekula.

Nilizima simu nikaenda ukumbini. Siwezi kuwadanganya, niliimba vizuri kuliko siku zote. Nilipofika pale binti anaposema, "Sirudi tena nyumba ya baba yangu," ukumbi mzima ulisimama.

Saa hiyo hiyo, nilikuja kuambiwa, mjomba alikuwa ananiita sebuleni. Aliita tena na tena. Mama akawa anawaambia wageni nimefika kona, naingia sasa hivi. Watu waliosafiri usiku kucha, hawajanywa hata chai, wanakitazama chakula kikipoa. Mwishowe mama yake Barasa alisimama, akamshika mama yangu mkono, akamwambia wameelewa. Wakaondoka na njaa.

Mimi nilikuwa nyuma ya jukwaa na ushanga wa binti wa mfalme bado shingoni. Nikamwambia Tito nimeacha nyumbani, nimeacha na mchumba, sasa twende wapi? Alikuwa anapangusa tarumbeta. Akaacha, akanitazama kama mtu aliyevunja chombo cha wenyewe.

"Siste," akasema, "si hiyo ilikuwa tu mchezo? Mimi nilijua we ni mwigizaji mkali."

Akanitafutia kiti, akaninunulia soda. Hakuwa mtu mbaya. Afadhali angekuwa tapeli, ningepata wa kumtukana.

Siku chache baadaye nilitembea hadi Mukuru. Barasa alinisikiliza mlangoni mpaka mwisho, hakunikaripia. Aliuliza neno moja tu: "Kwani ungesema hapana, nani angekupiga?"

Alifunga mlango polepole. Nimesikia ana mke sasa.

Kwa aibu nilihama Jericho, nikapanga chumba Majengo. Nashona peke yangu, napika peke yangu, redio ikiimba nyimbo za mapenzi naizima. Jumapili naenda kwa mama. Ananikaribisha vizuri. Ananikalisha kwenye kiti cha wageni, ananiletea chai kwa vile vikombe vya kabatini, juu ya trei. Siku moja niliingia jikoni nijipakulie kama zamani. Akanichukulia sahani mkononi bila ukali wowote na kunirudisha sebuleni.

Dada yangu unayesoma hii, labda na wewe kuna wageni wanakuja, na moyo wako uko kwingine. Usitoroke! Yule binti wa mfalme alitoroka kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Mimi nilikuwa nimewekewa siku nzima ya kuulizwa, watu wamevaa vizuri, wameketi, wananyamaza ili wasikie nitasema nini. Toka chumbani useme hapana yako. Watakasirika, watabeba vitu vyao, na jioni utaosha vyombo na mama yako.

Mimi siku hizi hakuna anayeniuliza kitu. Ni mama peke yake, Jumapili, akiwa amesimama na trei kama anavyosimama mbele ya wageni.

"Utakula?" ananiuliza.

Nasema ndiyo, mama. Anapakua sahani moja, anarudi jikoni, na mimi nakula.