Miisho Miwili ya Hadithi ya Mung'unye

Zaitun aliuza mafuta ya alizeti pale Ipagala, mjini Dodoma, na wateja wake wangekwambia mambo mawili: mafuta yake ni safi, na mdomo wake hauna breki. Ukimletea chupa chafu utasemwa mpaka ujute kuzaliwa. Lakini moyo alikuwa nao. Mdogo wake Hamida alipofariki, Zaitun alingoja arobaini ipite, akambeba mgongoni kichanga cha marehemu kutoka Mlali hadi Dodoma, maana baba wa mtoto, Mudrick, alikuwa amejiinamia tu uani, hajui hata uji unapikwaje. Yeye mwenyewe Zaitun hakujaliwa kuzaa. Sabrina akawa mwanawe, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyesema vingine.

Alimlea na hadithi moja aliyotoka nayo kwao Kondoa. Mwanamke tasa alipanda mung'unye, na ndani ya mung'unye akatoka binti. Akamlea vizuri tu, hadi siku binti alipounguza mboga. Mwanamke akapandwa na hasira, akamsimanga: wewe si mtu, ni mung'unye niliouokota shambani. Binti akatoka, akaenda bustanini, akarudi kuwa mung'unye. Mwanamke akalia mpaka akazeeka. Basi, imeisha. Zaitun aliipenda kwa ukali wake, alisema inafundisha watu kufunga midomo. Wa kufundishwa, bila shaka, walikuwa watu wengine.

Sabrina alipoingia chuo akaja na habari.

"Mama, Wajapani wameifanya katuni hadithi yako! Ila binti wao ana macho kama visosi na nywele za zambarau."

"Na mwisho?"

"Mwisho wao mzuri zaidi. Yule mama anamfuata bustanini. Kila siku anakaa kando ya mung'unye anauongelesha, mvua yake, jua lake, mpaka unapasuka na mtoto anatoka."

"Wameiharibu!" Zaitun akaruka. "Sasa mtu atajifunza nini? Kwamba unamsimanga mwenzio, halafu unakwenda kubembeleza, yanaisha?"

"Lakini mama wa kwako hata hakujaribu. Alikaa akalia. Kulia ni kazi?"

Walibishana wiki nzima, wakicheka, kila mmoja akiutetea mwisho wake.

Mwezi wa sita, msimu wa alizeti mpya, Sabrina alikuwa akijaza dumu la mteja, simu mkononi. Akasahau kufunga bomba la pipa. Zaitun alipomaliza sala ya adhuhuri akakuta uani kuku wanateleza kwenye mafuta. Nasimulia haya kwa aibu, kwa niaba yake. Mbele ya wateja wawili alisema: "Ningejua ningekuacha hukohuko Mlali. Nimekulisha, nimekuvisha, nimekusomesha, na wala sikukuzaa. Nilikuokota tu!"

Wateja wakatazama chini. Mtoto wa kulea unaweza kumgombeza, hata kumchapa, watu wakapita zao. Kumsimanga ni jambo jingine. Sabrina alimwaga mchanga juu ya mafuta, akafagia mpaka jioni, na asubuhi yake akaenda Mlali kwa baba yake, Mudrick.

Zaitun akangoja. Mtoto ndiye humwomba mzazi radhi, ndivyo alivyojua, na jeuri ilimkaa kooni. Ukapita mwezi, ikapita mitano. Alipika wali wa watu wawili, nusu akawapa kuku. Alikuwa akiumia, na alimkaripia kila aliyemuuliza.

Mwishowe alimwomba jirani yake Devota amtafutie ile katuni. Wakaitazama pamoja, kwenye kiti kimoja, simu imeegemezwa kwenye sufuria. Alimwona yule mama akikaa kando ya mung'unye, midomo inakwenda, inakwenda. Alichokisema yule mama, Zaitun hakukielewa, kilikuwa Kijapani, na hicho ndicho alichokuwa akikihitaji, apate la kumwambia Sabrina. Akalia, Devota akamshika mkono. Kesho yake akapanda gari la Mlali.

Njia nzima alitafuta maneno. Alipofika, Sabrina alikuwa akipepeta mahindi. Aliuweka chini ungo, akaja mbio kumpokea mkoba, akapiga goti.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Akamtandikia mkeka mpya, ule wa wageni. Akaleta maji ya kunawa, akaleta ugali na mlenda, na kuku aliyechinjwa kwa ajili yake. Hakununa hata kidogo. Aliuliza afya, aliuliza biashara, aliuliza hali ya Devota. Zaitun hakuweza kuvumilia tena.

"Nilikosa, Sabrina. Nilisema neno ambalo halisemwi. Nimekuja kukuomba radhi. Nitakuja kesho, nitakuja kila wiki, mpaka unisamehe."

Sabrina akatabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa la kweli.

"Usijisumbue na safari. Nilishakusamehe siku ileile, mama mkubwa," akasema kwa upole. "Kula, chakula kinapoa."

Mama mkubwa. Ndiyo, dada mkubwa wa mama huitwa hivyo, na hakuna wa kumlaumu mtoto kwa kumwita mtu jina lake la haki. Zaitun akanawa, akala, akausifu mlenda, kama mgeni yeyote anavyopaswa.