Mpini wa Kata

Wiki iliyopita tulimzika bibi yangu kijijini kwetu, Gulwe. Jana nilikuwa nasafisha jiko lake, nikaikuta kata yake ya kibuyu, ya kuchotea maji, inaning'inia ukutani palepale, nyeusi kwa moshi, mpini umelainika kwa kushikwa. Nikakaa nayo chini. Kulia sikulia, ndugu yangu. Niliukumbuka mto.

Mto wetu ulikuwa mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Maji yalikuwa chini, na kuyatoa ilikuwa kazi yetu watoto wa kike. Tulitoka alfajiri, mchanga bado baridi miguuni, tukachimba wawili wawili, maana mchanga huporomoka: mmoja anachimba, mwenzake anauzuia kwa mikono. Kisha mnasubiri maji yajichuje, mnachota kata moja moja. Shimo ni la waliolichimba. Mwingine hachoti mpaka aambiwe.

Bibi hakuwa mtu wa mahubiri. Alinifundisha kwa mambo madogo. Mgeni haulizwi ataondoka lini. Na kata, ukimpa mtu, unamgeuzia mpini. "Ukimwachia atafute pa kushika," alisema, "umemfanya aombe mara ya pili."

Mwaka mmoja akaja msichana wa rika langu, baba yake amehamishiwa kazi ya reli pale stesheni. Mama yake alikuwa amejifungua juzijuzi, kwa hiyo alitumwa maji peke yake. Hakuwa na wa kuchimba naye. Alijaribu, shimo likamfukia hadi viwiko.

"Wewe wa reli, kangoje maji ya treni," wenzangu wakamcheka.

"Treni yenyewe haisimami kwa ajili yake," akasema mkubwa wetu, yule niliyekuwa nachimba naye. Wakazidi kucheka.

Yule mtoto alikaa kando na ndoo yake tupu, akitazama jua linavyopanda. Nilijua akirudi hivyo, mzazi kule nyumbani hana maji ya uji wala ya kuoga. Nilijua pia kwamba nikimpa, kesho sina mwenzangu. Niliogopa, sikufichi. Nilichota, nikamwendea, nikamgeuzia mpini.

"Njoo uchote kwenye fungu langu."

"Fungu lipi?" mkubwa akauliza. "Haya. Kesho chimba naye huyohuyo."

Nilirudi na nusu ndoo. Bibi akachungulia ndani. "Mengine umekunywa njiani?" Nikamweleza yote. Akaendelea kusonga ugali wa uwele. "Basi leo hatuogi," akasema, kisha akanipakulia mlenda mwingi kuliko siku zote.

Kesho yake nilikwenda na hofu yangu. Msichana wa reli alikuwa ameshafika, amepiga magoti mchangani, mikono ya gauni ameikunja.

"Wewe chimba," akasema. "Mimi nitazuia."

Tulichimba pamoja kiangazi chote. Kabla ya mvua hata yule mkubwa alikuwa anakuja kukaa kwenye shimo letu, akidai maji yetu ni matamu kuliko ya kwake. Baadaye baba wa mwenzangu akahamishwa tena. Sijui walielekea wapi.

Siku hizi kuna bomba. Hakuna anayechimba, na mgongo wangu hauna malalamiko. Ila zile alfajiri hazipo, vile vicheko mchangani havipo, na bibi hayupo. Nilidhani vyote vimekwenda pamoja naye.

Lakini siku ya maziko binti yangu mdogo, ambaye bibi alimlea tangu alipoacha kunyonya, alikuwa anasaidia kugawa chai. Nyuma kabisa ya watu alisimama mwanamke ambaye hatukumjua, na hakuna aliyekuwa amemkaribisha. Mtoto akapenya katikati ya watu wazima na kikombe cha bati, polepole asimwage, mpaka akamfikia. "Shikamoo. Chai hii hapa." Mkono wa kikombe alimgeuzia mgeni. Vidole vyake mwenyewe vilishika upande wenye bati la moto.