Kufuata Fremuweki Pongwe

Nilitoka Makorora Ijumaa moja kwa sababu ya faili. Kampuni iliyotaka kunijaribu kazi ilinitaka niwaonyeshe, Jumamosi asubuhi, ukurasa wa mtandaoni unaofunguka kwa fremuweki mpya ya JavaScript, furushi la faili za kujengea tovuti. Nikishindwa, nafasi inakwenda kwa mwingine. Nilikuwa nimeshinda wiki nzima nikiishusha mtandaoni, na kila ikifika katikati bando linakata roho. Ndipo Rehema, niliyesoma naye chuo, akaniandikia: "Mimi ninayo yote, na laptopu zetu aina moja. Njoo na flashi unakili."

Baada ya sala ya Ijumaa sikurudi nyumbani kubadili nguo. Nilipanda bodaboda na kanzu yangu nyeupe, kofia kichwani, na njiani nikanunua halua, maana kwa watu huendi mikono mitupu. Nilijiona kijana mwenye adabu zake. Kumbe najichongea.

Pongwe nilipokewa na mama yake, Bi Mwanaisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Wazee hawajambo?"

Akaipokea halua, akaitazama, kisha akaitazama kanzu. Akamwita binti yake kwa sauti laini sana, hata Rehema mwenyewe alitoka chumbani akishangaa.

Saa tisa tukaanza kunakili. Msiozijua fremuweki hizi niwaambie: ukitaka kuonyesha ukurasa mmoja mtupu, sharti kwanza ubebe maelfu ya faili ndogondogo. Ni kama kuhamisha gunia la mchele punje mojamoja. Laptopu ilisema zimebaki dakika kumi. Ikafikiri, ikasema saa nne. Ikafikiri tena, ikasema siku mbili.

"Usiiguse," Rehema akanionya. "Ukichomoa tunaanza upya."

Basi nikakaa. Chai ikaja, vitumbua vikaja. Bi Mwanaisha akaketi akingoja niseme neno. Macho yangu yalikuwa kwenye flashi, na flashi ilikuwa mbele ya Rehema, kwa hiyo aliyenitazama aliona namkodolea binti wa watu tangu nifike.

Baada ya sala ya alasiri wakaingia wajomba wawili wa Rehema. Simu ilikuwa imepigwa kutoka jikoni. Mkubwa wao akajikohoza.

"Haya kijana, sema. Nini kilichokuleta?"

"Nimekuja kunakili faili, mjomba."

"Faili."

"Ndiyo. Za kazi."

"Na hizo faili ndizo ulizozivalia kanzu na kuziletea halua?"

Rehema alikimbilia uani, mkono mdomoni. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wanadhani nimekuja kuposa, jasho likanitiririka mpaka kwenye visigino. Ningetoka mbio, lakini kazi yangu ilikuwa imefika asilimia tisini. Nikabaki pale pale najieleza, na kila nilivyojieleza wajomba walizidi kutabasamu.

Jioni, kunakili kulipokwisha, Rehema alinisindikiza hadi barabarani. "Nenda salama," akaniambia. "Mimi nitawaeleza." Njia nzima niliapa kwamba siku nyingine nikienda nyumba ya watu nitataja shida yangu kabla sijavua viatu. Safari hiyo ilinifunza hilo tu, na nililiona linatosha.

Nilipofika Makorora nilichomeka flashi kwenye laptopu yangu. Ukurasa ukafunguka, mweupe, na neno moja la kunikaribisha katikati. Niliruka kwa furaha. Jumamosi asubuhi wale wa kampuni waliuona, wakanipa kazi, nami nikamkimbilia mama uani.

"Mama, nimepata kazi!"

"Alhamdulillahi," akasema. "Mjomba wake Rehema kanipigia simu jana, na mimi usiku kucha najiuliza mke utamlisha nini."

"Mama! Zilikuwa faili! Rehema hakuwaambia?"

"Walimuuliza mbele ya mama yake kama anakutaka," mama akajibu, akiendelea kuchambua mchicha. "Kanyamaza."

Kwetu hakuna asiyejua binti akinyamaza amejibu nini. Nikaketi chini kwenye mkeka, nikaanza kumsaidia mama kuchambua mchicha, nikicheka peke yangu.