Barabara Inayolala Chini ya Maji

Hapana mjomba, usiniambie ile barabara imejengwa na watu wavivu. Nilikuwepo. Zege nimelichanganya mwenyewe.

Mjomba alisema hayo ya uvivu mbele ya mama, na anajua kabisa mama alivyoteswa na njia hiyo. Korongo linalotutenganisha na njia ya Mbulu mjini lilishasomba makalavati mawili ya kupitishia maji, moja nikiwa shule, lingine juzi juzi tu. Mvua za siku hizi zinakaa kimya muda mrefu, halafu zinamwagika zote kwa mkupuo. Mama alishatamka: njia ikikatika tena, anahamia kwa dada yake kule Endagikot. Anaacha nyumba waliyojenga na marehemu baba, na kaburi lake pale nyuma ya zizi.

Basi safari hii injinia, dada mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, hakuweka kalavati. Alichimba chini, akamwaga zege pana, bapa, kama sakafu iliyolazwa ndani ya korongo, pembeni limeshikwa na mawe yaliyofungwa kwenye nyavu za waya. Wanaita drifti. Maji yakija, yapite juu. Yakipungua, tupite sisi. Sijasoma chuo, hayo nimejifunza kwa kuuliza na kuangalia video mpaka bando linaisha.

Sasa sisi watu wa milimani tumezoea kitu kimoja: maji unayazuia kwa tuta. Mashamba yetu yote ndivyo yalivyo. Siku injinia hayupo, mjomba akaalika watu kwenye kazi ya pamoja, pombe ikapikwa, majembe yakatoka. Kufika jioni kuna tuta refu upande wa juu wa drifti, limepigwa vizuri kama la shamba la maharage.

Injinia alipolikuta alimfuata mjomba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Tumekusaidia."

"Mzee, hili litayasukuma maji pembeni. Yatalizunguka zege, yataila barabara."

"Kwa hiyo unataka yapite juu ya kazi yako?"

"Ndiyo nilivyoijenga."

Mjomba akacheka. "Mtoto wa pwani anaiogesha barabara."

Hapo nikawaka. Nilisema maneno ambayo mjomba haambiwi, nikaanza kubomoa peke yangu. Mama alijifunga kanga kiunoni, akashika jembe la pili. Wengine wakafuata wakinung'unika.

Mvua ilikuja mchana, tuta limeshaondoka. Tuliisikia sauti kabla ya kuona, kama malori yanashuka bondeni. Maji rangi ya chai ya maziwa, yamebeba kisiki kizima na mizizi yake, yakapanda juu ya zege mpaka likapotea kabisa, zikabaki nguzo nyeupe za pembeni zinatetemeka. Mama alinishika mkono akaubana. Mjomba hakucheka. Nimezaliwa hapa, ila sijawahi kuona kitu chenye nguvu kiasi kile kikipishwa tu, kama mgeni mkubwa anapita mlangoni.

Asubuhi maji yalikuwa ya kifundo cha mguu. Chini yake zege lipo vile vile, limesuguliwa mpaka linang'aa. Mama akavua viatu, akavuka, akageuka, akavuka tena kurudi. Kisha akaenda kufungulia ng'ombe. Habari ya Endagikot sijaisikia tena.

Na bado mjomba anasema ilikuwa bahati. Haya, na wewe unayesoma huku unaicheka barabara inayokubali kuzama: kwenu maji yakija, mmeyaachia njia gani?